Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwalimu Mkuu na Sababu Iliyomleta Kazini

Ndugu wanachama, walimu wakuu wenzangu,

Mkutano mkuu uliopita uliiachia Kamati Tendaji agizo ambalo si la kawaida kwa chama kama chetu. Badala ya kudai semina zaidi, mlitaka tuchunguze kwa nini walimu wakuu wengi wa shule za msingi, tena wale wenye bidii, wanasema kwamba tangu wapewe madaraka hawaipati tena ile furaha waliyokuwa nayo walipokuwa walimu wa darasa. Karibu taarifa yangu yote inahusu agizo hilo. Mapato na matumizi mtayasikia kwa mhazini. Kwa upande wangu niseme tu kwamba sehemu kubwa ya ada zenu ililipia nauli na chakula cha siku za kutembeleana shuleni, na kwamba hakuna mjumbe wa kamati aliyelipwa posho ya kikao.

Tulianza kwa kumwomba kila mwanachama aandike ukurasa mmoja, bila jina, wenye majibu ya maswali mawili: ni sababu gani iliyomfanya achague ualimu, na ni saa ipi katika wiki yake ya sasa ambapo sababu hiyo inafanyiwa kazi. Swali la kwanza lilijibiwa kwa moyo mkunjufu. Mmoja aliandika kwamba alikulia katika kijiji cha wavuvi na alitaka watoto wa pale waweze kusoma mizani wenyewe, wasipunjwe kama baba zao. Mwingine alimtaja mwalimu wa darasa la kwanza aliyemshika mkono akajifunza kuandika jina lake. Swali la pili ndilo lililotushtua, kwa maana wengi waliliacha wazi, na baadhi ya waliojibu walitaja saa zilizo nje ya kazi kabisa, yaani jioni nyumbani au Jumamosi. Siku zao za kazi zilikuwa zimemezwa na takwimu za mahudhurio, hati za malipo ya fedha za ruzuku, safari za halmashauri, mafundi wa madarasa na vyoo, wageni wanaofika bila taarifa, na vikao vya kamati ya shule.

Hitimisho la kamati, ambalo naliunga mkono bila kusita, ni kwamba walimu wakuu hawa hawajapoteza lengo lao. Bado wanalo, na wanalieleza vizuri kuliko sera yoyote, ila limekosa nafasi katika ratiba. Tukilitambua hilo, hatutapoteza muda kumhimiza mtu apende kazi ambayo tayari anaipenda. Tutashughulika na namna ya kumrudisha karibu na ile sehemu ya kazi anayoipenda.

Ni haki pia kukumbuka jinsi mzigo huu ulivyokua. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulipoondoa ada na michango ya lazima, na utekelezaji ukaanza Januari 2016, watoto wengi ambao wangebaki nyumbani walifika shuleni, na hilo ni jambo jema ambalo chama hiki kitalitetea daima. Lakini madarasa yalijaa, fedha za ruzuku zikaja na taratibu zake za kihasibu, na mwalimu mkuu aliyesomea kufundisha akajikuta mtunza vitabu vya fedha na msimamizi wa ujenzi. Januari 2024 ukaongezeka utekelezaji wa mtaala ulioboreshwa, ulioanza na madarasa machache ikiwa ni pamoja na darasa la kwanza na la tatu. Kila hatua ilikuwa na sababu yake. Jambo ambalo halikupangwa na yeyote ni lini mwalimu mkuu ataketi karibu na mtoto anayesoma.

Katika kutafuta mwongozo tulisoma utafiti uliochapishwa mwaka 2007 na Adam Grant na wenzake huko Marekani. Waliwafuatilia wafanyakazi wa chuo kikuu kimoja ambao kazi yao ilikuwa kuwapigia simu wahitimu wa zamani na kuwaomba michango, kazi yenye kukataliwa mara nyingi kwa siku. Baadhi yao walikutanishwa kwa dakika chache na mwanafunzi aliyesoma kwa ufadhili uliotokana na michango hiyo. Mwezi mmoja baadaye, muda ambao kundi hilo lilitumia kwenye simu na fedha lilizokusanya vilikuwa vimezidi maradufu, ilhali mshahara na msimamizi walikuwa wale wale. Fundisho nililolipata ni kwamba mtu anahitaji kumwona kwa macho yake yule anayefaidika na jasho lake. Mwalimu wa darasa humwona kila siku bila kumtafuta. Mwalimu mkuu asipojipangia kumwona, hatamwona.

Kwa hiyo, kuanzia muhula wa pili, wanachama waliokubali walichukua vipindi vya kusoma katika darasa la kwanza au la pili, asubuhi, kabla simu hazijaanza kulia. Katika shule moja niliyoitembelea, mwalimu mkuu aligundua ndani ya wiki za mwanzo kwamba watoto kadhaa waliokuwa na daftari safi kuliko wenzao walikuwa wakinakili maumbo ya herufi tu, wasiweze kusoma hata silabi. Takwimu alizokuwa akizipeleka kwa Afisa Elimu Kata hazikuwa zimemwonyesha jambo hilo. Mwalimu wa darasa, ambaye awali aliogopa kwamba mwalimu mkuu amekuja kumkagua, alianza kumweleza shida zake waziwazi, nao wawili wakawagawa watoto kwa viwango vya usomaji na kupeana makundi. Siku niliyofika walikuwa wakibishana mbele yangu, kwa heshima, kuhusu mtoto mmoja na silabi zinazomtatiza. Kwa miaka mingi nimehudhuria mafunzo ya uongozi, lakini sijaona uongozi ulio wazi kuliko ubishi ule. Walimu wengine wa shule hiyo nao walianza kumwalika darasani, na ajenda ya kwanza ya kikao cha walimu ikawa usomaji, ile iliyokuwa mwisho baada ya matangazo yote.

Si kila shule ilifika hapo. Mahali ambapo mwalimu mkuu hana msaidizi anayeweza kupokea wageni na simu, vipindi hivyo vilikufa mapema, na lawama haiwezi kuwa yake.

Baadhi ya wanachama waliuliza kama jambo hili linawahusu walimu wa kawaida pia. Linawahusu sana. Mwaka 1997 Amy Wrzesniewski na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watu huitazama kazi yao kama njia ya kipato, kama ngazi ya kupanda, au kama wito, na kwamba mitazamo yote mitatu ilikutwa hata miongoni mwa makarani wa chuo waliokuwa na majukumu yanayofanana. Kiongozi anayewafahamu walimu wake anaweza kugawa majukumu kwa kuzingatia hilo. Mwalimu anayependa kilimo apewe shamba la shule, na anayewaelewa watoto wakorofi apewe malezi na ushauri, badala ya kugawa zamu na vitengo kwa kufuata orodha ya majina.

Tunaye pia mfano wa karibu. Mwaka 1955 Julius Nyerere aliacha kazi ya kufundisha Pugu ili aiongoze TANU, na bado wananchi walimwita Mwalimu hadi mwisho wa maisha yake, kwa sababu aliendelea kueleza, kuuliza na kufundisha akiwa na madaraka makubwa kuliko yote nchini. Cheo kipya hakikumwondoa katika ualimu, nasi hakipaswi kutuondoa.

Hata hivyo nina onyo, na naomba liingizwe katika kumbukumbu kama nilivyolisema. Wapo watakaosikia habari za wito na kuhitimisha kwamba mwalimu mwenye wito hahitaji nyumba, kupandishwa daraja kwa wakati, wala malipo ya likizo. Mwaka 2009 Bunderson na Thompson walichapisha utafiti kuhusu watunzaji wa wanyama katika bustani za wanyama. Waliona kwamba wenye wito walikuwa tayari kujinyima fedha, muda na starehe kwa ajili ya kazi yao, na kwamba utayari huo huo uliwaweka katika hatari ya kunyonywa na waajiri. Peter Tabichi, mwalimu wa Keriko nchini Kenya aliyeshinda Tuzo ya Mwalimu Bora Duniani mwaka 2019, alijulikana kwa kutoa asilimia 80 ya mapato yake kwa wahitaji. Ninamheshimu sana. Lakini yeye ni mtawa wa Kifransisko, na wengi wetu tuna watoto wanaosubiri karo na wazazi wanaosubiri dawa. Mwalimu anayedai stahiki yake anabaki kuwa na wito, na chama hiki kitamsindikiza kudai.

Kwa mwaka unaokuja, kamati inaleta hoja mbili mzipigie kura leo. Ya kwanza ni kuiomba halmashauri itenge asubuhi mbili kwa wiki ambazo walimu wakuu hawataitwa vikaoni wala kudaiwa taarifa, isipokuwa kwa dharura. Ya pili ni kuendeleza siku za walimu wakuu kutembeleana shuleni wawili wawili, shule za pembezoni zikipewa nauli kwanza, kwa kuwa mwaka huu zilizo karibu na barabara ya lami ndizo zilizofaidika zaidi. Rasimu ya barua kwa Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri ipo kwa katibu, nanyi mnaombwa kuisoma kabla ya kikao cha mchana, ili marekebisho yaingizwe na barua isainiwe kabla hatujatawanyika.