Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama Wote, Lamu

Ndugu wanachama, mabwana na mabibi, assalamu alaykum.

Taarifa hii ilikuwa isomwe mbele yenu kwenye mkutano mkuu. Imebidi niiandike na kuwatumia kwa sababu siku hiyo tulihudhuria watu 14 katika chama chetu cha kuzuru na kufuatilia watoto, chenye watu 64, na katiba yetu yataka thuluthi ili akidi itimie. Hao 14 waliachiwa chai na mahamri ya watu 60. Nitalirudia jambo hili.

Shughuli za mwaka mnazijua, sitawachosha. Tulizuru nyumba za Mkomani, Langoni, Shela, Matondoni na Kipungani. Faza, kisiwani Pate, tulifika kwa boti mara mbili badala ya nne. Juni 16, Siku ya Mtoto wa Afrika, tulikuwepo uwanja wa Mkunguni na fulana zetu. Nambari 116, simu ya bure ya watoto, tumeibandika shuleni na kwenye vyuo vya Kurani. Watoto tunaowafuatilia ni 58, ziara zilikuwa 311, kesi tulizomfikishia afisa wa watoto wa serikali 19, vyeti vya kuzaliwa vilivyopatikana 12, mapato shilingi 214,000 na matumizi 231,300. Tofauti hiyo mweka hazina ataieleza akirudi safarini. Kamati ndogo zote zilifanya kazi, isipokuwa ile ya michezo ambayo haikukutana.

Sasa nije kwenye lililosemwa barazani mwaka mzima, yaani mwenyekiti ameyaondoa mabuku ya kuandikia ziara za watoto, amenunua mashini, yaani tableti na laptopu, kwa pesa za boti ya kwenda Faza, kisha amewafungia wanachama wasione kesi. Yote matatu ni kweli. Naomba na mimi nisikilizwe.

Mwezi wa Machi, ukurasa mmoja wa buku la Mkomani ulipigwa picha kwa simu. Sijui ni nani, na sitamtaja nisiyemjua. Buku lilikuwa juu ya meza ya ofisi kama kawaida yake, pamoja na kalamu iliyofungwa kwa uzi, na kila aingiaye hulifungua, wa kutafuta jina na wa kutafuta karatasi ya kuandikia nambari ya simu. Alfajiri picha ilipigwa, na jioni mama wa yule mtoto alikuwa dukani akinunua unga, akaulizwa habari za mwanawe na mtu ambaye hata salamu hawakuwa wakipeana. Aliuacha unga pale pale kwenye mizani. Alikuja kwangu, hakwenda kwa mwengine, na nilikaa naye barazani hadi isha. Mji huu mnaujua. Mtu akikohoa Langoni, Mkomani wanamwambia pole.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu habari za familia, majina ya watoto yakiwemo, kuwa data nyeti. Zikivuja na pakawa na hatari ya kumdhuru mwenyewe, ofisi ya Kamishna wa Data yapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72. Saa zetu 72 zilipita tukiulizana ni nani. Hapo ndipo nilipoamua, mimi na katibu, bila kungoja mkutano mkuu. Nimelaumiwa kwa hilo. Lakini mkutano mkuu wa kungojwa ni huu huu uliokosa akidi.

Pesa ni hizi: tableti 3 kwa shilingi 55,500, laptopu iliyotumika 28,000, sola ndogo ya kuchajia 7,900, bando 5,000. Jumla 96,400, kutoka mfuko wa boti. Risiti zipo. Laptopu ya kwanza ilikuja na betri iliyokufa, na muuzaji wa Mombasa akasema tumeiua sisi kwa chumvi ya bahari. Nilipanda basi mwenyewe nikaibadilisha, nauli yangu sijaidai, na nikairudisha kutoka Mokowe nimeipakata, maji ya bahari yakinirukia mimi badala yake. Ndiyo, safari mbili za Faza zilikatwa. Nimesikia ikisemwa kwamba watoto wa Faza ndio waliolipia mashini. Neno hilo limeniuma, na aliyelisema hajapanda boti ya chama tangu ajiunge.

Wako wanaosema kazi hii ni ya bure kwa sababu serikali ina mfumo wake. Mfumo huo, CPIMS, wa kompyuta wa kuhifadhi taarifa za ulinzi wa watoto, ni wa Kurugenzi ya Huduma za Watoto, na kesi zetu zikifika kwa afisa wa watoto huingizwa humo. Chetu sisi ni kile kilichokuwa ndani ya buku: nani alikwenda, lini, alimkuta mtoto katika hali gani, na aliahidi kurudi siku gani. Mtandao usipokuwepo, kama Kipungani mara nyingi, tableti huhifadhi mpaka irudi mjini.

Kuhusu kufungiwa: kila mwanachama anaona watoto anaowazuru yeye. Wote 58 wanaonekana na watu watano tu. Mwalimu mmoja, mwanachama wetu ninayemheshimu, alisimama mkutano wa Agosti akatuambia Uingereza walijenga daftari la kompyuta la watoto wao wote, karibu milioni 11, likaitwa ContactPoint, na Agosti 2010 likazimwa. Ni kweli. Lilijengwa baada ya kifo cha mtoto Victoria Climbié mwaka 2000, ambaye idara kadhaa zilikuwa zimemwona na kila moja ikajua kipande chake. Lakini mwalimu hakuendelea mbele. Lile daftari halikuwa hata na habari za kesi. Lilikuwa na jina, anwani na ni idara gani inamhudumia mtoto, na bado watu waliogopa kwa sababu watumishi wa kulifungua walikuwa maelfu kwa maelfu. Kama hayo ndiyo mafunzo, basi aliyefunga mlango ni mimi.

Hata hivyo nitasema na kasoro, nisije nikaambiwa nimezificha.

Mwezi wa Septemba nilikaa na laptopu usiku, umeme umekatika, nikipitia rekodi moja moja kwa chaji iliyobaki. Nikakuta watoto 31 kati ya 58 wamezaliwa Januari 1. Mwanzo nilicheka. Kisha nikafahamu: fomu ilikataa kuhifadhi bila tarehe ya kuzaliwa, na mwanachama amesimama uani kwa watu, jua limemchoma, mama anamwambia mtoto alizaliwa kaskazi ilipoanza, mwaka ule nyumba ya pili ilipoezuliwa. Akabonyeza kilichokuwa karibu. Kwenye buku angaliandika maneno ya mama kama yalivyo, na afisa wa usajili angalipata pa kuanzia. Kwenye tableti tukapata tarehe safi ya uongo.

Na mlezi vilevile. Fomu ilikuwa na nafasi tatu, baba, mama, mwengine, na watoto 41 waliwekwa kwenye “mwengine”. Nikalitoa buku la zamani la Matondoni kabatini, mchwa wameshaanza pembeni, nikasoma habari za mtoto mmoja wa hao: “Analala kwa bibi, anakula kwa mama mdogo, vitabu vyake viko kwa mwalimu wa chuo, babake yuko baharini arudi bamvua.” Mstari mmoja tu, na unajua ukimtafuta mtoto saa nane mchana uende mlango gani. Kwenye tableti alikuwa “mwengine”.

Huko Uingereza pia mwaka 2011 Profesa Eileen Munro aliiandikia serikali kwamba wahudumu wa watoto wamezongwa na fomu na taratibu mpaka muda wa kukaa na watoto wenyewe umepungua. Hilo mwalimu alisahau kulitaja, na lingalimsaidia zaidi.

Tumerekebisha. Kijana aliyetutengenezea fomu ameongeza swali la umri umejulikanaje: cheti, kadi ya kliniki, maneno ya mzazi, au kukisia. Na ipo nafasi wazi ya kuandika maelezo, yenye urefu wa kutosha, na bila hiyo fomu haifungi. Wazo hili lilitolewa na mama mmoja wa Kipungani, ingawa mimi nilikuwa nimeshaanza kulifikiria. Zile Januari 1 zinasahihishwa nyumba kwa nyumba, na mpaka sasa zimebaki 17.

Nirudi kwenye mahudhurio. Mikutano ilikuwa sita. Mmoja tu ulipata akidi, nao ni ule wa kugawa fulana. Mafunzo ya tableti walikuja 9, kisha wasiokuja ndio wa kwanza kusema tableti ni ngumu. Ada ni shilingi 1,200 kwa mwaka, mia moja kwa mwezi. Waliolipa ni 23. Waliobaki, 41, wanadaiwa 49,200, na pesa hizo zingalirudisha zaidi ya nusu ya mfuko wa boti ninaolaumiwa kuumaliza. Orodha ninayo na sitaibandika mlangoni kama nilivyoshauriwa. Ila nitasema hili: mmoja wa wanaodai nimekula pesa za boti alilipa ada yake ya mwisho mwaka juzi, na alilipa nusu.

Mwaka ujao, Mungu akipenda, tunatarajia safari za Faza zirudi kuwa nne na Kizingitini ifikiwe. Kuna mtu wa heri amegusia boti, hajathibitisha. Tunaangalia pia uwezekano wa tableti ya nne.

Mabuku matano ya zamani yamefungiwa kabati la chuma, ufunguo mmoja kwa katibu na mmoja kwangu. Yalikuwa sita. Aliye na buku la pili la Langoni nyumbani kwake alirudishe kabla ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi huu, amkabidhi katibu mkononi, asilitume kwa mtoto.

Mwenyekiti
Lamu