Vikwazo vya biashara viwe na ukomo

Mhariri,

Naomba nafasi nichangie makala yenu kuhusu biashara ya Marekani na Asia ya Kati. Kifungu cha Jackson-Vanik katika Sheria ya Biashara ya Marekani ya 1974 kiliwekwa ili kuzinyima nafuu ya ushuru nchi za kikomunisti zilizowazuia raia wake kuhama. Sababu ilikuwa nzito: mwaka 1972 serikali ya Kisovieti mjini Moscow ilianza kuwatoza wasomi waliotaka kuondoka, wengi wao Wayahudi, kodi kubwa ya kufidia elimu waliyopewa.

Muungano wa Kisovieti ulivunjika 1991. Hata hivyo Urusi ilibaki chini ya kifungu hicho hadi 2012, na Kazakhstan, nayo jamhuri ya zamani ya Kisovieti, ilikuwa bado humo ilipojiunga na Shirika la Biashara Duniani mwaka 2015, ingawa serikali ya Marekani yenyewe ilikwisha kuridhika kwamba raia wa Kazakhstan wanahama bila kizuizi. Adhabu isiyoondoka kosa linapokoma itamshawishi nani kujirekebisha? Na hapa mkosaji mwenyewe hayupo tena!

Bunge la Marekani likitaka kutetea haki ya kuhama kwa njia ya ushuru, kila kikwazo kiwekewe ukomo wa miaka mitano, na kisiongezwe bila kupigiwa kura upya.

Msomaji wenu,
Tanga.