Risala ya Kikundi cha Waraibu Tunaopata Nafuu kwa Mgeni Rasmi, Juni 26

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wazazi wetu, majirani wote mlioitika, asanteni kwa kuja.

Wenzetu waliotokea kwenye unga, yaani heroini, wana methadoni, dawa ya kunywa kila siku badala ya unga, huduma iliyoanza Muhimbili mwaka 2011. Risala hii ni ya sisi wachache tuliotokea kwenye kokeini. Sisi hatuna kikombe cha kupangia foleni asubuhi, na tumezoea kuambiwa kwamba kokeini haina arosto, yale mateso ya kuacha, ni tamaa zetu tu.

Mheshimiwa, mwenzetu mmoja akiwa wiki ya tatu bila kugusa, aliletewa binti yake wa miaka sita, na maandazi kwenye kitambaa. Alimpakata, akamtazama, moyo usitikisike. Usiku alilia: "Mimi mzazi gani?"

Mshauri wetu ndiye aliyetufumbua macho. Ubongo hujitengenezea kemikali zake zinazofanana na afyuni. Mwaka 1975 John Hughes na Hans Kosterlitz, huko Aberdeen, Scotland, walitangaza kuipata mojawapo, enkefalini, kwenye ubongo wa nguruwe. Baadaye ikajulikana nyingine, dainofini, ambayo haileti raha. Yenyewe ni breki. Kokeini huzuia dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na raha na hamu, isirudi ilikotoka, ikarundikana. Ubongo ukifanyiwa hivyo siku nenda rudi, huongeza dainofini ili kuishusha hiyo dopamini. Watafiti wameliona hilo zaidi kwa panya wa maabara, lakini sisi tulipoelezwa tulitazamana. Maana ukiacha kokeini, breki haiachii siku hiyo hiyo. Andazi halina ladha, mtoto hakufurahishi, na mtu anarudi kijiweni kuikimbia hali hiyo, wala si kufuata starehe.

Kwa kokeini bado hakuna dawa iliyothibitishwa kama methadoni ilivyo kwa heroini. Kinachosaidia zaidi ni ushauri nasaha, pamoja na utaratibu wa kumpa mtu zawadi kila kipimo chake cha mkojo kinapotoka safi.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, tunaomba mshauri wa pili, kwani tuliye naye anafika siku mbili tu kwa wiki. Tunaomba vipimo vya mkojo. Na tunaomba zawadi zenyewe, hata kilo ya sukari au daftari za watoto. Yule mwenzetu ameshaweka jina la binti yake kwenye orodha ya daftari.

Tunaomba kuwasilisha.