Protini ya majani: anza kwa kuuliza kuhusu maji

Mwanangu mpendwa,

Umeuliza kama unga wa mlonge unaweza kushika nafasi ya maharage kwa kuwa una protini asilimia 25. Namba hiyo ni sahihi, ila ni ya majani makavu. Mabichi yana gramu 9 hivi katika gramu 100, kwa kuwa sehemu kubwa ya uzito wake ni maji. Tena unga huliwa kwa kijiko: kijiko cha chakula chenye gramu 8 kina protini gramu 2 tu, ilhali gramu 100 za maharage yaliyopikwa zina 8 au 9.

Basi ukilinganisha mboga, linganisha mbichi kwa mbichi. Katika gramu 100, kabichi ina protini gramu 1 na ushee, mchicha 2.5, spinachi karibu 3, majani ya kunde 4, na kisamvu hukaribia 7. Mgagani na mnavu, hata vikiota vyenyewe porini, huishinda kabichi kwa mbali. Ila usiamini kwamba cha porini daima hukishinda cha bustanini. Umri wa jani ni jambo kubwa: chuma machanga, kabla mmea haujatoa maua, kwa sababu jani likikomaa nyuzinyuzi huongezeka na protini hupungua.

Hata namba za maabara zisome kwa uangalifu. Kwa kawaida hupimwa naitrojeni, kisha huzidishwa kwa 6.25 ili kukadiria protini, na majani yana naitrojeni nyingine isiyo ya protini, hivyo namba huweza kuzidi protini halisi.

Thamani kubwa ya majani, kwa maoni yangu, iko kwenye ubora wa protini yake. Protini hiyo ina laisini ya kutosha, moja ya vijenzi vya protini, ambayo nafaka zina uhaba nayo. Majani nayo yamepungukiwa methionini, kijenzi kingine, ambayo nafaka zinayo. Kula majani pamoja na nafaka, na kunde ziwepo, maana mtu mzima wa kilo 60 anahitaji protini gramu 48 hivi kwa siku, na gramu 200 za mchicha zinampa 5 tu.

Kisamvu nakusihi usikifanyie haraka. Kitwange kibichi hadi kilainike kabisa, kiache kitulie kidogo, ndipo ukichemshe muda mrefu bila kufunika sufuria. Kutwanga hukutanisha kimeng'enya cha jani, yaani kichocheo cha kuvunja kemikali, na kemikali yenye sumu ya sianidi, kemikali hiyo ikavunjika, na gesi ikatoka na mvuke. Ukichemsha majani mazima kwanza, moto unakiua kimeng'enya hicho kabla hakijafanya kazi, na sumu nyingi hubaki ndani.

Mama yako