Vigae kwenye barabara mpya, someni jamani

Salaam aleikum wadau, habari za jioni. Mnajua hii barabara ya Mombasa kuja Mtwapa mpaka Kilifi inapanuliwa, na sipingi, foleni imetuchosha sote. Ila jana nimepita kando ya mtaro mpya nikaona kwenye ukuta wa udongo mstari mweupe wa chokaa, chini yake mawe ya matumbawe yamepangwa, na kigae kidogo cha sahani chenye maua ya buluu, ile aina ya Kichina inayotoka kwenye magofu. Sikukigusa. Nimepiga picha tu na sarafu kando ionyeshe ukubwa, lokesheni ninayo.

Jamani huu mwambao Waswahili wamejenga mawe karne na karne, magofu ya Jumba la Mtwana yako pale Mtwapa, ya Mnarani yako pale Kilifi, kwa hivo msidhani kilichozungushiwa ua ndo basi, na mimi naogopa zaidi mashimo ya kuchimbia murram, ule udongo wa changarawe wa kujengea barabara, manake yako ndani mashambani hakuna anayeangalia.

Sheria ya makavazi ya 2006 inasema ukigundua kitu kama hicho utoe taarifa ndani ya siku saba. Kesho saa tatu naenda ofisi ya makavazi pale Fort Jesus, Mombasa, nataka watu wawili twende pamoja. Wenye vijana wanaofanya kazi saiti waambieni wakiona vigae, shanga ama mifupa wamwambie msimamizi tingatinga isimame, na wasiokote, manake kigae kikitolewa mahali pake hakisemi tena kilitoka tabaka gani la udongo. Picha nitumieni inbox.