Malalamiko: tiketi za Wuhan–Changsha na mlivyomdhalilisha mwenzetu

Kwa uongozi,

Habari za kazi. Naandika kwa heshima ila mjue nina hasira sana, maana huyo mhudumu wenu wa WeChat kila nikimuuliza ananitumia stika.

Nazungumzia tiketi za treni za Ijumaa jioni mlizotuuzia. Namba ya pasi ya kusafiria ya mwenzetu mmegeuza tarakimu mbili za mwisho wakati picha aliwatumia na inasomeka kabisa, na nyie biashara yenu ndo hii, mnajua fika mgeni huku China anapita getini kwa pasi tu, namba isipolingana hupandi. Sasa kosa la ofisi yenu linakuwaje la kwake?

Yule mama wa dirishani stesheni alitaka kutusaidia, akasema wapigieni waliowauzia. Nikapiga, nikaweka spika, mhudumu wenu akaongea na yule mama Kichina akidhani sisi hatuelewi, akamwambia wao wameandika alichotuma mwenzetu, labda pasi yake ni feki. Halafu akakata simu. Akakata! Askari akaitwa, akakagua pasi na kibali cha ukaazi, akamrudishia bila neno, treni imeshaondoka.

Na kabla ya hapo niliwauliza mwenyewe, namba mmehakiki? Mkajibu kila kitu sawa bosi. Tena mngeirudisha ile tiketi kabla ya treni kuondoka reli ingekata asilimia 20 tu, nyie mkaiacha ikafa, na zetu pia zikafa maana hakuna aliyekubali kumwacha dada wa watu pale peke yake usiku. Kesho yake tukapata za kusimama, bei ileile ya siti, saa moja na nusu tumebanana karibu na choo, na hoteli ya Changsha usiku wa kwanza imeliwa bure. Kisiwa cha Juzizhou tumekipitia mbiombio tu, yeye hata kupiga picha hakutaka.

Narudia lile la dirishani kwasababu naona hamjalielewa. Binti anasoma udaktari, vibali vyote halali, amesimama na begi mgongoni, foleni nzima imegeuka inamwangalia, wengine wameinua simu wanamrekodi, na sauti inayotoka kwenye simu yangu inasema pasi feki, sauti ya mtu tuliyemlipa sisi! Alilia mpaka hosteli. Mngekuwa na dada yenu pale mngesemaje?

Mwanzoni nilitaka mrudishe hela ya tiketi yake tu. Sasa hapana. Nataka hela ya tiketi zote za Ijumaa, za kundi zima, na ule usiku wa hoteli, na barua ya kumuomba radhi kwa Kiswahili na Kichina yenye jina na sahihi ya huyo mhudumu, na yeye asiguse tena pasi ya mtu.

Mkifika Ijumaa hii kimya napiga 12315, namba ya malalamiko ya wateja, kushtaki, ile simu yote nimeirekodi, na naiweka kwenye magrupu ya wanafunzi wa Afrika Mashariki Wuhan, Guangzhou na Hangzhou kabla wapya hawajaja Septemba. Ubalozini pia tutaenda naye, na huko hatutaongelea hela tena.

Ahsanteni,
Niliyelipia tiketi za kundi