Dole la Mama

Shoga yangu Khadija,

Assalam aleikum. Niwie radhi kwa kimya, tangu Mfungo Mosi sijakuandikia neno. Huku sote wazima, alhamdulillahi. Kusi limeshika, ngalawa nyingi zimepandishwa pwani, na samaki akipatikana bei yake haisemeki. Hayo tuyaache, nitayarudia nikipata nafasi.

Lililonitoa usingizini ni la jana. Tuliitwa mkutanoni chini ya ule mti wa mkungu, pale tulipokula mihogo ya nazi siku ulipokuja. Walikuja vijana wanne na gari jeupe, wakasema wametumwa na kampuni inayotaka kuchimba mabwawa ya chumvi kule nyuma ya mikoko, kwenye ule uwanda mkavu tunaokatiza tukienda kutafuta kaa. Na ili maji ya bahari yafike kwenye mabwawa, lazima upasuliwe mfereji katikati ya michu, ile mikoko yetu. Hilo la mfereji walilitaja haraka haraka, kama mtu anayetaja deni lake. Yaliyochukua muda ni ajira za vijana, barabara na kisima.

Halafu ikapitishwa karatasi. Ilikuwa imebanwa kwenye ubao, sehemu ya juu imekunjwa ikapelekwa nyuma. Tulichokiona ni mistari tu: jina, nambari ya kitambulisho, simu, sahihi. Kila aliyetia sahihi alipewa soda na shilingi 500 za nauli. Nauli ya nini, Khadija, na sote tumetoka majumbani kwa miguu?

Mama alikuwa wa saba. Hajui kuandika, kwa hivyo kijana mmoja akamshika mkono, akamchovya kidole gumba kwenye wino wa buluu, akakibonyeza. Mama akainuka akikipangusa kwa ncha ya leso, akaaga mapema kuwahi mbuzi wake. Basi hakuwepo Mwalimu alipoiomba ile karatasi na kuikunjua. Unamjua Mwalimu, hana haraka. Aliisoma kimya, akairudia, ndipo akatutafsiria kwa sauti. Juu pameandikwa kwa Kiingereza kwamba wenye majina yafuatayo wameshirikishwa kikamilifu na hawana pingamizi na mradi.

Mkungu mzima ulinyamaza. Kisha kila mtu akasema lake kwa wakati mmoja. Wale vijana walisema hiyo ni lugha ya ofisi tu, tusitie maanani, wakaikunja karatasi yao wakaondoka nayo. Mwalimu alikuwa ameshaipiga picha kwa simu. Nimeiangalia picha hiyo usiku kucha. Mstari wa saba hauna sahihi, una dole tu, limesambaa kidogo upande wa kushoto kwa sababu mkono wa Mama hutetemeka.

Nilikukumbuka papo hapo. Nilikumbuka siku uliyonipigia simu, tarehe 26 Juni 2019, ukilia mpaka nikadhani mumefiwa, kumbe lile baraza la kusikiliza rufaa za mazingira, NET, limefuta leseni ya ule mtambo wa makaa ya mawe uliokuwa ujengwe Kwasasi. Megawati 1,050, na Mji Mkongwe wa Amu, yaani Lamu, uko pale pale ng'ambo ya maji, mji ambao dunia nzima iliuandika katika urithi wake mwaka 2001! Leseni ilitolewa 2016, na nyinyi mkaenda kukata rufaa mwaka huo huo. Miaka ile yote ya kupanda mashua kwenda barazani, ya kushona fulana, ya kuwaeleza wazee sumu ya moshi kwa Kibajuni, nilikuwa nakusikia tu kwenye simu nikikuonea huruma. Leo ndiyo naielewa.

Na kuna neno moja ulilonieleza wakati ule ambalo sijalisahau. Ulisema baraza lilikataa kuhesabu ile mikutano iliyofanywa kabla ya ripoti ya mazingira kuandikwa. Kwamba mwananchi hawezi kusemwa ameshirikishwa katika ripoti ambayo hajaiona. Je, si ndiyo hali yetu hii? Hakuna ripoti iliyoletwa hapa, si kwa Kiingereza si kwa Kiswahili. Kuna soda, kuna 500, kuna karatasi iliyokunjwa. Kuhudhuria mkutano kumegeuzwa kuwa kukubali.

Mimi sipingi kazi, Mungu anajua. Vijana wetu wanashinda vibarazani na wengine wamekimbilia Mombasa kuendesha boda. Lakini Magarini, kule Kilifi, wanachimba chumvi miaka mingi, na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikwenda kuwasikiliza watu wa huko, ikatoa ripoti mwaka 2006. Malalamiko yalikuwa ya ardhi na ya visima kuingia chumvi. Kisima chetu kitamu ni kimoja, unakijua, kile cha karibu na msikiti. Kikiharibika tutakunywa nini?

Na mikoko hii si ya kuokota. Mama mwenyewe anasimulia jinsi ilivyokatwa alipokuwa kijana, malori kwa malori, kuni za kuchomea matofali na chokaa, hadi ufuo ukabaki uchi na maji ya bamvua yakawa yanaingia minazini. Iliyopo sasa imepandwa kwa mikono. Wenzetu wa Gazi na Makongeni wamelinda hekta 117 kupitia Mikoko Pamoja, wanauza hewa ya kaboni, yaani wanalipwa kwa hewa chafu inayonaswa na mikoko yao, fedha zinakwenda kwenye maji na vitabu vya shule, na wanakijiji wenyewe ndio wanaokaa kuamua zitumikeje. Sisi tulianza kitalu kwa kuwaiga wao. Mama alikuja siku ya kwanza na kopo la maji kichwani, na hajakosa hata wiki moja tangu hapo. Mwanamke huyu ndiye karatasi inasema hana pingamizi na mfereji!

Sijamwambia. Hapa ndipo naposhindwa, shoga. Mchana alikaa mlangoni anachambua mchele, nikakitazama kile kidole, wino bado umo kwenye mikunjo ya ngozi. Neno likanifika kooni likarudi. Atajiona ameuza kitu. Na akijua, hatonyamaza, atataka kwenda ofisini kwa miguu yake, na magoti yale unayajua.

Sasa ombi langu. Tarehe 26 Julai, siku ya mikoko duniani, tumepanga kupanda miche kule upande wa kijito. Asubuhi maji yakiwa kavu tutapanda, shule itakuja na wimbo, na jioni maji yakijaa kutakuwa na mashindano ya ngalawa kwa wale wasioogopa kusi. Kikundi cha ufuo kimechanga unga na nazi. Nilitaka iwe siku ya furaha tu. Lakini baada ya jana, Mwalimu anasema watu watakuwa wengi na tuitumie, isomwe picha ya ile karatasi mbele ya wote, na kila anayetaka kuondoa jina lake aandikwe upya kwenye barua yetu, kwa Kiswahili, juu pakiwa wazi. Nakutaka wewe usimame useme. Si hotuba ndefu, wasimulie tu mlivyofanya Amu.

Basi nijibu haya, tafadhali. Unaweza kuja, au nauli ni nzito tukuchangie? Mliandikaje barua ya kwanza ya pingamizi, na mliipeleka wapi, NEMA, ile mamlaka ya mazingira, wa kaunti au moja kwa moja Nairobi? Bado mnayo nakala? Yule wakili aliyewasaidia angali anapokea simu? Uliniambia leseni ikishatoka kuna siku 60 tu za kukata rufaa, lakini hapa haijatoka, sasa tufanye nini kabla? Mtu aliyetia dole anaweza kulitengua vipi, kwa dole jingine, au lazima aape mbele ya wakili? Na wale wazee wenu waliotia sahihi mwanzo, mliwaambiaje bila kuwavunjia heshima?

Hili la mwisho ndilo nalingojea zaidi.

Wasalimie wote nyumbani, na bibi mwenye mofa hasa. Miche ya mchu imefika kimo cha goti, nimekutengea kumi upande mwenyewe.

Shoga yako,
Mwanasha

Nilikuwa nafunga barua Mama akaingia, kauliza namwandikia nani. Nilipomtajia wewe akacheka, akasema umletee halua ya Amu, na yeye atakupikia uduvi. Kisha akaketi kitandani, akaninyoshea kidole gumba, akaniuliza wino huu unatolewa na nini. Nimemwambia ndimu. Kesho baada ya alfajiri nitamwambia yote.